Bodi haijafa, haijapimwa tu: maongezi kuhusu kutafuta kosa kwenye bodi ya maikrokontrola

Habari zenu jamani, wakubwa zangu shikamoni. Asanteni kwa kuja, nimeombwa niongee kuhusu bodi za maikrokontrola zinazogoma, zile bodi zenye chipu ndogo inayofuata programu unayoiwekea, na nimefurahi kweli maana hili jambo linaniuma.

Kinachoniuma ni namna tunavyotangaza vifo. Mtu anachomeka bodi, anabonyeza aploadi ya kuhamishia programu kwenye bodi, inamwagika erori nyekundu mistari mingi, anarudia inatoka ileile, anabadilisha poti, anafuta programu yote anaipakua upya, anagusa kodi, yaani maagizo ya programu yake, anachomoa waya huu anachomeka ule, mpaka jioni hajui tena alianzia wapi alafu anasema bodi imekufa ngoja ninunue nyingine. Na bodi ni nzima kabisa! Chipu iko fiti, kilichokatika ni kitu kimoja kati ya kompyuta na ile chipu, na hakuna aliyetulia akauliza ni kipi. Mbaya zaidi ni kwamba mwanafunzi anayeanza anaondoka akiamini yeye ndo hawezi, na wengi hawarudi.

Kwa hiyo nina neno moja tu leo, pima kwanza ndo ubadilishe. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo bodi ikakubali, hujui kipi kilisaidia, na ikigoma kesho unaanza sifuri.

Sasa tuelewane njia yenyewe ikoje. Ukibonyeza ile batani ya aploadi kwenye bodi kama Arduino Uno, programu inatoka kwenye kompyuta, inapita kwenye draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa, inatoka poti ya USB, inapita kwenye kebo, inafika kwenye chipu ndogo ya kugeuza USB kuwa siriali, yaani mawasiliano ya biti moja moja, kutoka hapo kuna nyaya mbili, TX ya kutuma na RX ya kupokea, zinazoingia kwenye maikrokontrola, na kuna mstari wa tatu unaitwa DTR ambao unapita kwenye kapasita, kale kakitu ka kutunza chaji, ya nanofaradi 100 na kazi yake ni kuipiga chipu riseti, yaani kuianzisha upya, sekunde ileile aploadi inapoanza. Chipu ikiamka inaendesha kwanza butiloda, kiprogramu kidogo sana kinachokaa mwishoni mwa kumbukumbu, kwenye Uno kinakula baiti 512 tu kati ya kilobaiti 32, na hicho ndo kinachosikiliza kama kuna kodi mpya inakuja. Isipokuja kinaendesha ile ya zamani. Hizo pingili zote zinalishwa na umeme, na kila pingili ina namna yake ya kuugua na kila ugonjwa una dalili zake, na ndo maana nasema tusikisie.

Tuanze na umeme maana hapo ndo wengi wanaruka. Chukua multimita, kile kipima umeme, weka kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye GND, pini ya volti sifuri, mwekundu kwenye pini ya 5V, soma. Alafu soma 3.3V. Usiniambie taa inawaka, taa ya LED inawaka hata volti zikiwa zimeshuka mpaka chipu haiwezi kufanya kazi sawasawa. Ukikuta pini ya 5V inasoma 4.3 au 4.4 wakati inakula USB, hapo una kebo nyembamba au ndefu mno au habu ya USB iliyochoka. Ukikuta sifuri na hakuna taa, chomoa kila kitu kwanza, bodi ibaki peke yake bila umeme, weka mita kwenye kupima ukinzani kati ya 5V na GND, ukiona karibu na sifuri kuna shoti na usiichomeke tena kwenye kompyuta mpaka uipate. Mara nyingi shoti haiko hata kwenye bodi, iko kwenye kile ulichounganisha, ndo maana nasema ichomoe ibaki yenyewe.

Uno ina fyuzi ya kujirudisha ya miliampia 500 kwenye njia ya USB, ukipitiliza inapata moto inabana umeme, ukiiacha ipoe inarudi yenyewe. Sasa mtu ameunganisha mota ya servo mbili tatu kwenye 5V ya bodi, zinazunguka kidogo bodi inazima, anasubiri, inawaka, anasema bodi ina matatizo ya ajabu. Haina ajabu yoyote, inajilinda.

Na ile regyuleta, kipunguza volti cha bodi, jamani. Ukilisha bodi kwa 12V kwenye tundu la adapta, regyuleta inatakiwa itoe 5V, hizo 7 zilizobaki zinageuka joto. Kama mzunguko wako unakula miliampia 200, zidisha 7 kwa 0.2 unapata wati 1.4 za joto kwenye kakitu kadogo kuliko ukucha. Kinachemka, kikifika kiwango chake kinajizima, kikipoa kinajiwasha, na wewe unaona bodi inafanya kazi dakika kadhaa inakata. Weka kidole karibu utajua. Punguza volti za kuingia, 9V inatosha kabisa, au lisha vile vizito kwa umeme wao.

ESP32, maikrokontrola nyingine yenye WiFi ndani, ina ugonjwa wake wa umeme na huu naomba muusikilize kwa makini maana watu wanapoteza wiki nzima wakilaumu kodi. Bodi inawaka vizuri, inaanza programu, ikifika kwenye mstari wa kuwasha WiFi inajiriseti, inaanza tena, inajiriseti, na kwenye skrini kuna maneno "Brownout detector was triggered". Maana yake ni kwamba redio ikiwaka inavuta umeme mwingi kwa ghafla sana, volti zinadidimia kwa kitambo kifupi mno, chipu inaona hatari inajizima. Multimita haitakuonyesha hilo, mita ni nzito kusoma, itakwambia 3.3 mwake wakati ndani kuna shimo. Mwenye oskiloskopu, kifaa cha kuchora volti zinavyobadilika, ataliona, asiye nayo ajaribu hivi, zima WiFi kwenye kodi uone kama inatulia, ikitulia umeshajua ni umeme, weka kapasita ya maikrofaradi 100 au zaidi kati ya 3.3V na GND karibu kabisa na moduli na ubadilishe kebo iwe fupi na nene. Kuna watu wanafundishana kuzima kile kilinzi cha brownout kwenye kodi ili ujumbe usitokee. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, shimo bado liko palepale, sasa hivi litakuharibia data badala ya kukuonyesha ujumbe.

Umeme ukiwa safi tunaenda kwenye kebo na kompyuta. Kebo za kuchajia tu zina nyaya mbili, hazina zile mbili za data, kwa hiyo bodi inawaka na kompyuta haioni kitu. Namna ya kujua ni rahisi, kwenye Linux fungua dmesg, orodha ya ujumbe wa mfumo, chomeka, angalia kama kuna mstari mpya. Kwenye Windows fungua Device Manager uone kama kuna kitu kinaongezeka ukichomeka na kupotea ukichomoa. Kama hakuna badiliko lolote, lolote kabisa, usiguse draiva, draiva haihusiki hapo, ni kebo au tundu au ile chipu ya USB. Kama kuna kitu kimetokea lakini kina alama ya mshangao, hapo sasa ndo draiva, angalia chipu iliyoandikwa kwenye bodi, CH340 au CP2102 au FT232, kila moja ina yake.

Watumiaji wa Linux mna mambo yenu mawili. La kwanza ni ruhusa, poti inaonekana lakini inakataa kufunguka, jiongeze kwenye kundi la watumiaji liitwalo dialout alafu toka uingie upya, ukisahau kutoka na kuingia utaona kama haijafanya kazi. La pili ni hili linalowachanganya wengi, poti ya ttyUSB0 inatokea sekunde moja inapotea. Ukisoma dmesg mpaka mwisho utakuta jina brltty. Hiyo ni programu ya vifaa vya nukta nundu kwa wasioona, na baadhi ya vifaa hivyo vinatumia chipu zilezile za CH340 na CP2102, kwa hiyo ikiona namba ya chipu inadhani kifaa chake kimefika inakidaka. Kama kwenye mashine yako hakuna anayetumia kifaa cha nukta nundu, iondoe, poti inabaki. Kama yupo anayeitegemea usimwondolee, zima ile sheria moja tu inayodaka namba ya chipu yako. Mnaona lakini? Jibu lilikuwa limeandikwa, tatizo watu wanasoma mstari wa kwanza wa erori wanaacha mingine.

Sasa nifike kwenye kipimo ninachokipenda kuliko vyote maana hakihitaji kifaa chochote zaidi ya waya mbili. Kwenye Uno chukua waya unganisha RESET na GND, chipu kubwa inanyamaza kabisa. Waya wa pili unganisha pini 0 na pini 1. Fungua dirisha la siriali, andika neno lolote tuma. Neno likirudi kwenye skrini, basi kompyuta nzima, draiva nzima, kebo nzima, chipu ya USB nzima, vyote umevimaliza kwa mpigo na huna haja ya kuvifikiria tena, tatizo liko mbele, kwenye riseti au butiloda au chipu yenyewe. Lisiporudi tatizo liko nyuma na ile chipu kubwa unayoililia haina kosa. Kipimo kimoja kinakata njia katikati. Watu wanahangaika siku nzima kwa sababu hawajui hiki kitu, kisambazeni.

Tuseme neno limerudi, na bado unapata ile "stk500_getsync() not in sync: resp=0x00". Hii erori inatisha watu bure, inachosema ni kwamba nimeita hakuna aliyeitika. Kwa nini hakuitika? Angalia taa ya pini 13, bonyeza riseti kwa mkono, kwenye Uno yenye butiloda nzima inapepesa haraka haraka kabla kodi yako haijaanza. Ikipepesa, butiloda iko hai. Basi jaribu kubonyeza riseti kwa mkono wakati aploadi inaanza, ikikubali umegundua kwamba ile riseti ya kujipiga yenyewe ndo haifanyi kazi, tazama kapasita ya DTR. Kama kuna kitu kimechomekwa pini 0 na 1, moduli ya bluetooth kwa mfano, ichomoe, hizo pini ndo barabara ya aploadi na wawili hawawezi kuongea kwa wakati mmoja. Alafu Nano, hasa zile zenye butiloda ya zamani, zinaongea kwa kasi ya biti 57600 kwa sekunde wakati mpya zinatumia 115200, ukichagua isiyo yake kwenye menyu unapata erori hiyohiyo, badilisha chaguo la prosesa ujaribu, ni sekunde chache tu.

Na ile resp ikija na namba nyingine tofauti na sifuri ujue kuna mtu anajibu ila lugha siyo, ama kasi siyo ama kodi ya zamani inatapika maneno kwenye siriali. Ni taarifa tofauti kabisa na ukimya, usizichanganye.

ESP32 haina hiyo hadithi ya stk500, yenyewe inaingia kwenye hali ya kupokea kodi kama GPIO0, moja ya pini zake, iko chini, yaani karibu na volti sifuri, wakati inaamka. Bodi nyingi zinafanya hivyo zenyewe, zingine hazifanyi vizuri, ndo unaona "Connecting" na vidoti vinaenda mpaka inakata tamaa. Shika batani ya BOOT, vidoti vikianza, ngoja iungane, achia. Kama inagoma hivyo kila siku, watu wanaweka kapasita kati ya EN, pini ya riseti, na GND, inasaidia bodi nyingi. Ila kuna pini moja ya kuogopa, GPIO12. Ile pini inasomwa wakati chipu inaamka ili kuamua volti za kumbukumbu ya nje, ukiwa umeunganisha kitu kinachoivuta juu, chipu inachagua 1.8V wakati kumbukumbu inataka 3.3V, na unapata bodi inayozunguka ikisema "flash read err, 1000" bila mwisho. Chomoa ule waya mmoja bodi inafufuka. Ni waya mmoja! Na GPIO6 mpaka 11 kwenye zile moduli za kawaida usiziguse, zimeshika kumbukumbu.

Ukiona herufi za ajabu ajabu ESP inapoamka, usiite uharibifu. ESP32 inaongea kwa 115200 ikiamka, ESP8266 inaongea kwa 74880, weka kasi hiyo usome, inakwambia yenyewe imeriseti kwa nini.

Wale wa STM32, aina nyingine ya maikrokontrola, nawapitia haraka. Ukiwa na bluupil, bodi yake ndogo, na ST-Link, kifaa cha kuiwekea kodi, haiioni ghafla baada ya kuweka kodi fulani, uwezekano mkubwa kodi yako imechukua pini za PA13 na PA14 kwa kazi nyingine au imeilaza chipu, na hizo pini mbili ndo mlango wa ST-Link. Weka jampa, kile kiunganishi kidogo, ya BOOT0 kwenye 1, riseti, kodi yako haitaanza na mlango utakuwa wazi. Na ile taa ya PC13 inawaka ukiandika 0, siyo 1, kwa hiyo usihukumu bodi kwa hilo.

Nataka nikae kidogo kwenye fyuzi biti za AVR, yaani mipangilio ya ndani ya chipu kama ile ya Uno, siyo ile fyuzi ya umeme, maana hapa ndo chipu nyingi zinatupwa zikiwa hai. Umechukua USBasp, programa ya kuiandikia chipu, unataka kuongea na ATmega328P, ile chipu ya Uno, moja kwa moja kwa nyaya za MISO na MOSI za data, SCK ya mapigo, RESET, umeme na GND. Kitu cha kwanza kusoma ni sahihi ya chipu, yaani namba yake ya utambulisho. Ikija 0x1e950f uko sawa. Ikija 0x1e9514 ni ile 328 isiyo na P, nzima, badilisha chaguo tu. Ikija sifuri zote au F zote, usiandike chochote, hakuna mawasiliano, rudi kwenye nyaya, hakikisha MISO na MOSI hujazigeuza. Ikigoma na nyaya ziko sawa, fikiria kasi, chipu mpya kutoka kiwandani inatembea kwa 1MHz, yaani ile 8MHz ya ndani imegawanywa kwa 8, na SCK lazima iwe chini ya robo ya hapo, chini ya 250kHz. Punguza kasi, kwenye avrdude, programu ya kuandikia hizi chipu, ni -B 10, jaribu tena, mara nyingi inaitika hapohapo.

Sasa mtu akiandika fyuzi za kristali ya nje, kile kipande kinachotoa mapigo ya kuiendesha chipu, wakati hana kristali, chipu inanyamaza. Haijafa, haina mapigo. Ipe mapigo kutoka nje, hata Uno nyingine inaweza kutoa wimbi la mraba la 1MHz hivi, liingize kwenye pini ya XTAL1, punguza kasi ya SCK, soma sahihi, rekebisha fyuzi, kwisha. Kosa lenyewe linatoka kwenye jambo moja, fyuzi za AVR zimegeuzwa, 0 ndo maana yake imewashwa na 1 imezimwa, mtu anatia alama kinyume. Ngumu kweli ni ile ya RSTDISBL, ukiiwasha pini ya riseti inageuka pini ya kawaida na USBasp haina tena mlango, hapo unahitaji programa ya volti kubwa inayoipa riseti 12V. Hata hiyo chipu inarudi.

Kuna kundi la mwisho, bodi inapokea kodi vizuri lakini inafanya vituko. Hapa sababu ni nyingi na sitazimaliza. Batani inayojibonyeza yenyewe ni pini inayoelea, haina cha kuivuta juu wala chini, tumia INPUT_PULLUP kwenye kodi, inaivuta juu. Sensa inayosoma upuuzi wakati ina umeme wake pembeni, mara nyingi GND hazijaunganishwa, volti inapimwa kati ya sehemu mbili na wewe umeipa moja. Sensa inayofanya kazi hata ukiichomoa umeme, hiyo inakunywa kupitia pini ya data na itaua pini kama si leo kesho. Bodi inayojiriseti kila inapoandika maneno marefu, pima kumbukumbu, Uno ina kilobaiti 2 tu za RAM na kila sentensi unayoandika kwenye kodi inakaa humo usipoizungushia F() ili ibaki kwenye kumbukumbu ya programu. Na bredibodi, kile kibao cha kuchomekea nyaya, ya zamani, ile inayolegea, usiiamini, weka mita kwenye mlio wa muunganiko ushike waya kwa mkono uutikise, mlio ukikatika umeipata.

Ukikwama kabisa ukaomba msaada, andika bodi gani, chipu gani imeandikwa juu yake, umeme unatoka wapi na mita imesoma ngapi, erori yote bila kuikata, na ulibadilisha nini mara ya mwisho kabla haijagoma. Hicho cha mwisho watu wanakificha sana na ndo kinachosaidia kuliko vyote. Alafu toa kila kitu, weka kodi ya kupepesa taa peke yake, ikipepesa rudisha kimoja kimoja mpaka igome.

Basi mimi niishie hapo tuingie kwenye vitendo. Waliokuja na bodi zilizogoma wakae upande huu, multimita ziko mezani. Tuanze na zile ambazo kompyuta haizioni kabisa, na kabla hujachomeka chochote pima kwanza ukinzani kati ya 5V na GND uniandikie namba kwenye karatasi.